Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: majibu ya kinyama cha tezi dume na majibu ya baada ya upasuaji yawekwe pamoja, na mgonjwa aambiwe

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, wakurugenzi wa hospitali ya taifa na hospitali za kanda, na nyie wa bima mnaopitisha au kukataa vipimo, shikamooni walio wakubwa kwangu, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nawaandikia kuhusu saratani ya tezi dume. Sio ile habari ya wanaume jitokezeni mkapime, hiyo tunaisikia redioni na ni kazi nzuri, endeleeni nayo. Mimi naongelea kinachofuata baada ya mtu kujitokeza, ameshapima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imekutwa juu, ameshachomwa sindano kutolewa kinyama, amesubiri majibu na yametoka, na kwenye karatasi kuna namba. Namba hiyo ndo inaamua kama atafanyiwa upasuaji, au apigwe mionzi, au aambiwe aende nyumbani awe anakuja kucheki PSA. Na namba hiyo mara nyingi sana sio ile itakayoonekana tezi ikishatolewa nzima. Hili wataalamu wanalijua miaka mingi, lipo kwenye vitabu vyao, ila mgonjwa wa kwetu na ndugu zake hawaambiwi, wanalikuta mbele ya safari tena kwa mshtuko.

Kwa asiyeijua hiyo namba nieleze kidogo. Miaka ya 1960 kule Minneapolis, Marekani, daktari wa patholojia, yaani anayesoma vipande vya nyama ya mgonjwa kutafuta ugonjwa, aitwae Donald Gleason alipanga mionekano ya kansa ya tezi dume chini ya hadubini kuanzia 1 hadi 5, 1 ikiwa inafanana sana na tezi ya kawaida na 5 ikiwa imeshavurugika kabisa haina hata umbo. Kwenye tezi moja inaweza ikawepo mionekano zaidi ya mmoja, kwahiyo zinajumlishwa namba mbili, ndo maana unaona 3+3=6 au 4+3=7. Sasa siku hizi kwenye kinyama hawaandiki tena chini ya 6, yaani 6 ndo ya chini kabisa, lakini mzee akiona 6 kati ya 10 anajua yuko katikati, anaanza kuandika wosia. Na 3+4 na 4+3 zote ni 7 ila haziko sawa, ya pili ni kali zaidi. Mwaka 2014 wataalamu walikutana Chicago wakakubaliana kutumia makundi ya 1 mpaka 5 yanayoeleweka kirahisi, 6 ikawa kundi la 1, 3+4 kundi la 2, 4+3 kundi la 3, 8 kundi la 4, na 9 na 10 kundi la 5, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani nalo likayaingiza kwenye mwongozo wake. Mpaka leo bado kuna ripoti zinazotolewa hapa kwetu hazina hayo makundi, ni 3+3=6 basi, mgonjwa ajitafsirie mwenyewe.

Turudi kwenye sindano. Kila anaponunua mchele mfanyabiashara anachomeka bambo kwenye gunia anatoa punje chache anaziangalia, na anajua kabisa kwamba chini ya gunia panaweza pakawa na kitu kingine, kwahiyo anachoma pembeni, anachoma katikati, anachoma chini. Kipimo cha kinyama kinaenda hivohivo. Sindano yenyewe inatoa uzi wa nyama wa unene wa kama milimita 1 na urefu wa sentimita 1 na nusu au 2. Zamani, kuanzia 1989, utaratibu uliozoeleka ulikuwa kuchoma sehemu 6, baadae ikaonekana hazitoshi, sasa hivi kawaida ni 10 mpaka 12. Piga hesabu, hata ukichoma mara 12 kwenye tezi ya gramu 40, nyama yote uliyotoa haifiki hata asilimia 1 ya tezi. Kansa ya tezi dume nayo haikai kama jiwe moja sehemu moja, inatawanyika, huku kuna 3, pale nyuma kuna 4, na ile iliyojificha upande wa mbele wa tezi sindano inayoingilia njia ya haja kubwa haiifikii vizuri. Sindano ikipita kwenye 3 ikaikosa 4, karatasi itasoma 3+3 na hakuna aliyedanganya.

Kuna utafiti mkubwa wa Johns Hopkins, hospitali ya chuo kikuu kule Marekani, uliotoka 2012, uliangalia wanaume zaidi ya 7,600 waliotolewa tezi nzima, wakalinganisha majibu ya sindano na majibu ya tezi yenyewe. Katika waliokuwa wameambiwa wana 5 au 6 (enzi hizo 5 ilikuwa bado inaandikwa), asilimia 36 walikutwa na kali zaidi. Wa 3+4 nusu tu ndo majibu yalifanana. Walioambiwa 8 waligawanyika karibu sawa kwa sawa, wengine 4+3, wengine 8 kweli, wengine 9 na 10. Na hapo ni hospitali yenye wataalamu wa patholojia wanaosoma tezi dume tu asubuhi mpaka jioni. Kwahiyo wakubwa wangu msije mkafikiri nawalaumu madaktari wetu kwamba hawajui kazi, kutofautiana kupo duniani kote, ninacholalamikia ni sisi kuendesha mambo kama vile hakupo.

Sababu nyingine ni jicho la msomaji. Kutenganisha 3 na 4 kwenye kipande chembamba cha nyama sio kazi ndogo, wataalamu wawili wazuri wanaweza wakaangalia slaidi ile ile, yaani kioo kinachowekwa kipande cha nyama chini ya hadubini, mmoja akasema 3+3 mwingine 3+4, na tofauti hiyo ya tarakimu moja ndo tofauti ya kusubiri na kupasuliwa. Halafu hata kanuni zenyewe za kuhesabu hazifanani, kwenye kinyama cha sindano wanachukua mwonekano uliotawala wanajumlisha na ule mbaya kuliko wote hata kama ni kidogo, ila kwenye tezi nzima wanajumlisha miwili iliyotawala, ule mdogo mbaya unaandikwa pembeni. Ndo maana kuna ambao namba inashuka baada ya upasuaji, sio kwamba wamepona.

Baba yangu mdogo alipitia haya, na hospitali siitaji kwasababu shida hii sio ya hospital moja. PSA yake ilikuwa imepita 10. Siku ya kipimo mimi ndo nilipewa kichupa nikipeleke maabara, ndugu wa wagonjwa mnaijua hii kazi, unapewa kichupa kimefungwa plasta yenye jina la mgonjwa na fomu imejazwa nusu unaambiwa panda ghorofani, lipia kwanza. Nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya formalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze, kulikuwa na vile viuzi vyote pamoja, vimejikunja, vingine vimeshikana, vingine vimekatika vipande, huwezi kujua kipi kimetoka kulia kipi kushoto, kipi juu kipi chini. Fomu pale kwenye historia ya mgonjwa ilikuwa imeandikwa neno moja tu, tezi. PSA haikuandikwa, ukubwa wa tezi haukuandikwa, idadi ya vipande haikuandikwa. Sasa yule anayekaa kwenye hadubini huko juu anasomaje kitu kama hicho?

Majibu yalitoka mistari miwili, kansa ipo, Gleason 3+3=6. Vipande vingapi vilikuwa na kansa haikuandikwa, kansa ilichukua sehemu gani ya kila kipande haikuandikwa. Tukaambiwa ni ya pole pole, tusiwe na haraka, tukashukuru Mungu tukarudi nyumbani. PSA ikawa inapanda kila akirudi kliniki, mwisho akapelekwa upasuaji, tezi ikatolewa yote. Majibu ya tezi sasa, ambayo nayo tuliyafuatilia wenyewe maana kliniki hakuna aliyeyauliza, yakasema 4+3=7 na kansa imeshatoka nje ya ganda la tezi. Baba mdogo akauliza swali moja tu, kwani hii kansa imegeuka lini? Na hakuna aliyekaa naye akamwambia kwamba uwezekano mkubwa haijageuka, 4 ilikuwepo tangu mwanzo sindano haikuigusa. Mpaka leo anaamini ni yeye alichelewa.

Hilo la kuambiwa ndo linaniuma kuliko yote. Halihitaji mashine wala bajeti. Daktari akimwambia mgonjwa kabla, mzee majibu haya ni makadirio, kuna uwezekano ukweli ukawa mkali zaidi au hata mpole zaidi, ndo maana nataka tufanye hiki na hiki, mgonjwa anaelewa, sisi sio watoto. Lakini mgonjwa anapewa namba kama vile imeandikwa kwenye jiwe, ikibadilika anaona amedanganywa, na kwenye ukoo ule hakuna mwanaume mwingine atakayekwenda kupima, wataenda kwa mganga wa kienyeji au watakunywa mizizi ya kuchemsha.

Naomba nisieleweke vibaya, sisemi kila mwenye 3+3 akimbizwe chumba cha upasuaji, hapana. Upasuaji huu unaweza ukamwachia mtu kushindwa kuzuia mkojo na kushindwa tendo la ndoa, ni mzigo mkubwa kwa mwanaume na kwa mke wake. Kule Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 ambao kansa yao ilikutwa haijasambaa, wengine wakapasuliwa, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu, na baada ya miaka 15 karibu 97 kati ya kila 100 walikuwa hawajafa kwa kansa hiyo, na makundi yote matatu hayakupishana sana. Kwahiyo kusubiri ni tiba halali kabisa. Ila kusubiri kwa wenzetu maana yake ni PSA kwa ratiba, daktari kuipapasa tezi kwa kidole kwa ratiba, MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, na kinyama kinarudiwa tena baada ya muda, kwasababu wanajua cha kwanza kinaweza kuwa kimekosea. Kwetu kusubiri maana yake ni njoo ukijisikia vibaya. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa jamani.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Marekani wanaume weusi wanakufa na kansa hii karibu mara mbili ya weupe. Na utafiti mwingine wa Johns Hopkins hao hao, wa 2013, uliangalia wanaume ambao kwa sindano walionekana wako kwenye hatari ndogo sana, wale ambao kirahisi ungewaambia wasubiri, wakakuta baada ya tezi kutolewa weusi waliokutwa na namba kali kuliko ya sindano walikuwa asilimia 27, weupe 14. Wakaja kuona pia kwamba kwa weusi kansa mara nyingi inajificha upande wa mbele wa tezi, palepale ambapo nimesema sindano haifiki vizuri. Sasa Mmarekani mweusi na mzee wa Songea au wa Tanga sio mtu mmoja, asili yao wengi ni Afrika Magharibi na maisha ni tofauti, siwezi kuchukua 27 nikaibandika hapa. Lakini sisi yetu ni ngapi? Hilo swali linatakiwa lijibiwe hapahapa, kwa wagonjwa wetu, kwa faili zetu ambazo zipo kwenye makabati ya hospitali.

Kwenye MRI nitasema na watu wa bima. Tumeona serikali imenunua mashine, CT scan zimefika hadi hospitali za mikoa, hongereni kwa hilo, ila kwa kuona kansa ndani ya tezi dume yenyewe CT haisaidii, inayosaidia ni MRI, na hizo zipo chache, kubwa ni hospitali ya taifa na za kanda. MRI ikifanyika kabla ya sindano, daktari anajua achome wapi. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba wakichoma kwa ule utaratibu wa kawaida peke yake, asilimia karibu 17 ya waliopasuliwa walikutwa wamepanda hadi kundi la 3 au zaidi, wakichoma kwa kufuata MRI peke yake karibu 9, na wakichanganya zote mbili inashuka mpaka asilimia 3 na nusu. Tofauti ya 17 na 3 na nusu ni watu, ni akina baba. Sasa mgonjwa anaandikiwa MRI, bima inasema hiyo mpaka kibali, kibali kinazunguka, mwisho daktari anachoma bila MRI ili asimcheleweshe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita bungeni 2023, basi mnapopanga kipi kimo na kipi hakimo kwenye kitita, MRI ya tezi dume kabla ya kinyama muiangalie kwa jicho hilo, na msiishie kwenye mashine, wasomeshwe na wa kuisoma, maana picha nzuri bila msomaji ni karatasi.

Najua kuna atakayejibu kwamba wagonjwa wetu wengi wanafika kansa imeshaingia kwenye mifupa, upasuaji wa kutoa tezi nzima ni wachache, kwahiyo hili ni suala la wachache. Kweli wengi wanachelewa. Ila nyie wenyewe mnawahamasisha waje mapema, na wakija mapema ndo hasa wanaingia kwenye hili tatizo, maana aliyechelewa namba haimbadilishii sana, aliyewahi ndo maisha yake yamekaa juu ya ile namba. Mkifanikiwa kwenye kampeni na mkashindwa hapa mtakuwa mmewaita watu nusu njia.

Ninachoomba sio kikubwa. Fomu ya kupeleka kinyama iwe moja nchi nzima na isipojazwa PSA, ukubwa wa tezi na idadi ya vipande maabara iirudishe, na vipande vya kulia na kushoto visichanganywe kwenye kichupa kimoja, vichupa ni bei rahisi kuliko kosa. Ripoti nayo iandike vipande vingapi vimekutwa na kansa kati ya vingapi, kwa kiasi gani, na kundi la 1 mpaka 5 liwepo pale. Kabla mtu hajapasuliwa au hajaambiwa asubiri, slaidi zisomwe na jicho la pili. Najua wataalamu wa patholojia ni wachache, mikoa mingine hakuna kabisa, lakini slaidi inaskaniwa sasa hivi inatumwa kwa mtandao, slaidi ya Mwanza ikasomwa na mtaalamu wa Dar es Salaam bila mtu kupanda basi, muwawezeshe mashine za kuskani na intaneti ya uhakika tu.

Na tezi ikishatolewa, majibu yake yasiwe ya ndugu kufuatilia, yarudi kliniki yenyewe na yawekwe kwenye faili pembeni ya yale ya sindano, daktari ayasome yote mawili mbele ya mgonjwa. Hayo ya pili ndo yanasema afuatiliwe kwa ukaribu kiasi gani, kwasababu baada ya upasuaji PSA inatakiwa ishuke iwe karibu haionekani, ikija kupanda kufika 0.2 na kuendelea ni ishara kansa inarudi, na mwenye 4+3 iliyotoka nje ya ganda hawezi kuwekewa ratiba sawa na mwenye 3+3. Baba yangu mdogo baada ya kutolewa mpira wa mkojo alipewa tarehe ya kliniki kama ya mtu mwingine yeyote, tukapambana wenyewe mpaka PSA ikapimwa.

Kwa kuanzia, Mheshimiwa Waziri, agiza kila hospitali inayofanya huu upasuaji itoe kwenye makabati faili za waliopasuliwa miaka ya karibuni, namba ya sindano na namba ya tezi ziandikwe pamoja, bila majina. Madaktari wanaosomea ubingwa kwenye hospitali za Muhimbili, KCMC na Bugando wanatafuta mada za utafiti kila mwaka, hii wapeni, na matokeo yake yatolewe hadharani, hospitali kwa hospitali, hata kama sura yake haitapendeza.